Jicho la Kushoto la Mchungaji Marrick

Mtu aliyewahi kushikana mkono na Keziah Thirlwell hakumsahau. Katikati ya kiganja chake cha kulia palikuwa na sugu ngumu, ukubwa wa punje ya njegere, mahali ambapo kitako cha kalamu yake ya chuma ya kuchongea kilikaa kwa miaka zaidi ya thelathini. Wapo wanaume walioushtukia mkono ule wakauachia upesi, na yeye aliwacheka waziwazi. "Vipi, bwana? Hujawahi kushika mkono unaofanya kazi?"

Alikuwa mchonga nakshi, kama Ephraim baba yake, katika chumba kilekile chini ya mteremko wa barabara iitwayo Side, hapa Newcastle. Watu walimletea vijiko vya fedha awachongee majina. Walimletea nyuso za saa, mikanda ya shingo ya mbwa wa mabwana, na zaidi ya yote vibao vya shaba vya kupigilia juu ya majeneza. Mimi, Cuthbert Hedley, nilikuwa mchapaji wake. Akishachonga bamba la shaba, mimi nalipaka wino mpaka uingie katika kila mfereji, nafuta uso wa bamba kwa kitambaa na mwisho kwa kiganja, ili wino ubaki mifereji tu. Kisha nalilaza kwenye mashine, karatasi yenye unyevu juu yake, nazungusha gurudumu. Miaka kumi na tisa tulifanya kazi hivyo, na sikumbuki hata siku moja aliyonisifu.

Hatukufanana kwa lolote. Yeye alikuwa mtu wa Chama cha Marrick, wale wanaoamka alfajiri kuimba kabla ya kwenda kazini. Mimi ni mtu wa bia, na sioni haya kulisema hilo. Kila Jumatatu nikiingia na kichwa kinauma, yeye alikuwa amekwisha kuketi dirishani, bamba limelala juu ya mto wake wa ngozi uliojaa mchanga.

"Umeamkaje, Cuthbert? Shetani hajambo?"

"Hajambo, Bi Keziah. Anakusalimu."

"Mwambie sina nafasi."

Ndiyo maamkizi yetu. Sasa niwaambie habari ya Mchungaji Marrick, kwa sababu bila yeye Keziah angezeeka akichonga mikanda ya mbwa na mimi nisingekuwa na la kusimulia.

Gideon Marrick alikuwa mchungaji mwenye joho na shahada, lakini maaskofu walimfungia mimbari zao kwa sababu alipenda mno kuhubiri mahali ambapo watu walikuwapo: midomoni mwa mashimo ya makaa, kwenye magati, mashambani. Alizunguka kaskazini yote juu ya farasi mmoja mwembamba kwa miaka arobaini. Alipokufa, mwanzoni mwa mwaka elfu moja mia saba themanini na tatu, alikuwa na vyama katika kila mji kutoka hapa hadi Leeds, na wachimba makaa wasiomlilia hata mfalme walimlilia yeye.

Wauza picha wa London hawakupoteza muda. Ndani ya mwezi mmoja zilitufikia picha sita za Marrick, kila moja na sura yake. Mmoja alikuwa mnene kama mwenye hoteli. Mwingine alikuwa na midomo ya msichana. Wa tatu, naapa, alikuwa amiri wa jeshi la majini. Walichukua bamba kuukuu, wakafuta vifungo na medali, wakamchongea kola ya kasisi, na wakasahau kipande cha mlingoti nyuma ya bega. Keziah alizitandaza zote sita juu ya meza, akazitazama, akasema, "Hawa hata binamu zake sio."

Hakuna hata mmoja aliyekuwa na jicho lile.

Jicho la kushoto la Marrick lilifunikwa nusu na kope iliyolegea, na juu yake palikuwa na kovu lililokata nyusi vipande viwili. Lilimfanya aonekane kama mtu anayekusikiliza huku anakuonea shaka kidogo. Alilipata hapa kwetu, kwenye gati, mwaka arobaini na sita, siku ya kwanza alipokuja kuhubiri. Mji mzima ulimjia juu. Walimrushia matope, vichwa vya samaki, na mwisho mawe. Jiwe moja lilimpata. Akaanguka, akainuka, akamaliza mahubiri yake damu ikimchuruzika mpaka kwenye kola. Ephraim Thirlwell ndiye aliyerusha lile jiwe, na Keziah, mwenye miaka saba, alikuwa amekaa mabegani mwake.

Haya hakuna mtu aliyeyazungumza. Ephraim alikwenda kaburini bila kuyataja. Kwa jinsi wazee wa mji walivyosimulia, Newcastle ilimpokea Marrick kwa maua.

Majira ya kiangazi Obadiah Crake alikuja kwetu. Alikuwa na kiwanda cha vioo, tumbo la kutosha, na cheo cha mzee mkuu wa Chama. Walikuwa wamejenga kanisa jipya la matofali, nao walitaka picha ya mwanzilishi wao, kubwa, ya kutundikwa, ichapwe nakala mia nne. Shaba angenunua yeye.

"Dada Keziah, wewe uliwahi kumchora akiwa hai?"

"Mara tisa. Nilikuwa nakaa benchi la mbele."

"Basi tupe sura yake."

"Nitawapeni," akasema, na nilimwona ameshika meza kwa mikono miwili. Nadhani alikuwa akiisubiri kazi ile tangu utotoni.

Alichonga wiki kumi na moja. Mnajua kwamba kwenye bamba kila kitu huchongwa kinyume, kulia kuwa kushoto, basi alikuwa akimtazama Marrick ndani ya kioo mchana kutwa, akimsemesha chinichini. Mlo wake ulikuwa mkate wa shayiri na jibini, akila kwa mkono mmoja. Nilipotoa nakala ya kwanza ya majaribio, nikaibandua karatasi taratibu kwa ncha ya kucha, yule mzee Marrick alinitazama. Mimi sikuwa mtu wake, mimi nilikuwa nikimcheka nikiwa upande wa pili wa barabara na kikombe changu mkononi, lakini nilivua kofia. Ndiye hasa. Kope, kovu, nyusi iliyokatika. Chini, upande wa kulia, kwa herufi ndogo safi: *Imechongwa na Keziah Thirlwell, Newcastle.*

Crake alikuja na wazee wawili. Aliitazama picha kwa muda mrefu, akikohoa.

"Nzuri. Nzuri sana. Joho limekaa vizuri. Ila hili jicho, Dada."

"Lina nini?"

"Limelala."

"Lake lilikuwa limelala."

"Najua, najua. Lakini kuna haja gani? Picha hii itakwenda York, itakwenda London. Mtu akiiona atauliza, jamani, mzee huyu nani alimfanya hivi? Sisi tumjibu nini?"

"Mjibuni, Newcastle."

Mmoja wa wale wazee alianza kucheka, akaona uso wa Crake, akageukia dirishani.

"Dada Keziah," Crake akasema, sasa kwa sauti ya kubembeleza, "hatukwambii useme uongo. Liinue kidogo tu. Umfungue jicho. Huko mbinguni si amekwisha kupona?"

"Basi akija mwenyewe kutoka mbinguni nitamchora upya."

"Usinifanyie mzaha."

"Sikufanyii. Mnataka kumvika mzee kilemba cha ukoka naye amekwisha kufa, hawezi hata kukivua. Mimi sitaki."

Crake alibadilika rangi. Akamsogelea, akasema taratibu, lakini chumba chetu ni kidogo na mimi si kiziwi. "Umefikiria, dada yangu, kwamba watu wakianza kuuliza habari za jiwe, watauliza pia lilitoka mkononi mwa nani?"

Nilidhani Keziah atavunjika. Badala yake alipaza sauti mpaka mwuza mafuta wa duka la chini akatoka nje kusikiliza.

"Lilitoka mkononi mwa Ephraim Thirlwell, baba yangu! Nilikuwa nimekaa hapa," akajipiga bega, "nikalihisi bega lake likipanda. Nikapiga makofi, Ndugu Crake. Nilikuwa mtoto, nikapiga makofi. Na wewe ulikuwa wapi? Maana siku ile gati zima lilikuwa limejaa na leo simwoni hata mmoja aliyekuwapo. Nenda kawaambie! Nenda kapige mbiu sokoni!"

Mimi nilijitia hamnazo, nikawa nasugua gurudumu ambalo lilikuwa safi tangu asubuhi. Nikainamisha uso wasinione ninavyotabasamu.

Lakini shaba ilikuwa ya Crake, na bamba ni la aliyenunua shaba. Ndivyo ilivyo kazi yetu. Alilifunga kwenye kitambaa akaliweka kwapani.

"Lambert Snaith atalirekebisha."

"Sawa. Ila mkigusa jicho, futeni na jina langu."

"Litafutwa," Crake akasema, "usiwe na wasiwasi."

Snaith alikuwa fundi wa kadi za maduka, mwepesi wa mkono, mtu asiyeweza kukataa kazi wala kuimaliza vizuri. Siku mbili tu, bamba likarudi, tena likarudi kwetu, maana mji mzima mashine ya ukubwa ule ni yangu peke yangu. Kope imeinuliwa, kovu limesuguliwa, jina halipo. Marrick alikuwa na macho mawili maangavu kama ya kijana anayetafuta mchumba.

Nilimwambia Keziah nitalikataa. Nitasema gurudumu limevunjika.

"Huvunji kitu. Chapa."

"Bi Keziah, na wewe umelegea?"

"Chapa zote mia nne, Cuthbert. Kwa mpangilio, moja mpaka mia nne, na usipumzike katikati." Akarudi kwenye kibao chake cha jeneza. Nilikasirika. Nilimwona mwoga, na nilikuwa mjinga kumwona hivyo.

Nakala mia za kwanza zilitoka safi, jicho la Snaith likang'aa. Hizo zilikuwa za wakubwa. Katika kazi yetu nakala za mwanzo ndizo bora, kwa sababu bamba linachakaa kila linapopita chini ya gurudumu, basi walioandikisha majina mapema na kwa fungu kubwa wanapewa za mwanzo, na anayebaki nyuma anapewa mabaki. Crake alikuwa ameandika orodha kwa mkono wake: wenye viwanda, mawakili, wafanyabiashara wa makaa. Mwisho kabisa wachimba makaa, wapiga makasia wa mashua za makaa na wajane.

Kwenye nakala ya mia na hamsini nikaona kivuli juu ya jicho. Nikadhani ni uchafu, nikafuta bamba vizuri, nikachapa tena. Kivuli kipo. Kwenye ya mia mbili kikawa mstari. Hapo ndipo nilipoelewa, nikakaa chini juu ya ndoo.

Snaith alikuwa na haraka. Mifereji ya Keziah hakuichimbua mpaka chini, aliisugua tu juujuu ikafumba, akachora jicho jipya juu yake kwa mistari myembamba. Mistari myembamba ndiyo inayokufa kwanza. Kila nilipozungusha gurudumu, jicho la Snaith lilififia kidogo na la Keziah lilifumbuka kidogo kutoka chini. Au niseme lilifumba, kwa kuwa ndivyo lilivyokuwa.

Mchapaji ana kiganja. Kama ningetaka, ningefuta pale kwa nguvu mpaka wino wote utoke, nikampelekea Crake macho yake mawili mpaka ya mwisho. Ndiyo kazi niliyolipwa. Sikufuta. Tena, na hili sikumwambia kasisi yeyote, kuanzia ya mia mbili na kumi nilikuwa napapasa pale kwa upole kama mtu anayepapasa shavu la mtoto, ili wino ubaki wote.

Nilipofika mia mbili na sitini nilimwita. Akaja, akaiinua karatasi mbele ya dirisha. Kope imelala. Nyusi imekatika.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilipachimba mara tatu."

"Kwa makusudi?"

"Cuthbert, mimi nachonga vibao vya majeneza. Nikitaka kitu kisifutike, hakifutiki." Akairudisha karatasi juu ya rundo, akailaza sawasawa. "Endelea. Wino usikauke."

Basi picha zikatoka. Za mwanzo zikaenda kwenye majumba ya juu zikatiwa fremu na vioo vya Crake. Za mwisho zikaenda Sandgate, mtaa wa maskini kule chini, na vijiji vya mashimoni, zikabandikwa ukutani kwa uji wa unga. Wiki tatu hakuna aliyesema kitu, kwa sababu watu wa juu hawaingii nyumba za chini, na watu wa chini walipata waliyemjua. Walidhani kila mtu ameletewa huyohuyo.

Aliyepasua jipu ni Ann Heslop, mjane, mwuza samaki, mwenye miaka sabini na sauti ya kuvunja mawe. Alipeleka samaki nyumbani kwa Crake, mtumishi akamwacha mlangoni, naye akachungulia sebuleni, Crake akiwa humo.

"He! Bwana Crake! Huyo nani ukutani?"

"Mama Heslop, huyo ni Mchungaji Marrick."

"Yupi? Marrick wetu? Amefanya nini jicho?"

"Jicho lake lina nini?"

"Limefunguka! Wangu amelilaza, kama alivyokuwa. Huyu wako katazama kitu gani mpaka akashtuka hivyo?"

Alisimulia haya gati zima, akiigiza na uso wa Crake. Kabla ya saa sita mchana Crake alikuwa ngazini kwetu.

"Umenidanganya!"

Keziah hakuinua kichwa. "Nani kakudanganya? Bamba lililotoka hapa lilikuwa na jicho lililolala na jina langu. Mlilolirudisha halina jina. Mwulizeni mwenye nalo."

"Ulijua litarudi!"

"Nilijua. Na ukilipeleka tena litarudi tena. Mpaka mchimbe shaba yote mtoboke upande wa pili."

Crake alishuka ngazi bila kuaga. Nasema haki, hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu aliyejenga kanisa, na alitaka mji wake uwe msafi ndani ya picha. Lakini alifanya jambo ambalo sijamsamehe. Alitangaza kwamba picha zote zenye jicho baya zirudishwe zichomwe moto, na kwamba asiyerudisha hatapewa tiketi.

Tiketi ile ni kikaratasi cha ukubwa wa kadi, chenye jina lako na sahihi ya mzee mkuu. Kila baada ya miezi mitatu watu wa Chama wanapewa mpya. Bila tiketi huingii kwenye karamu ya upendo, ambako wanakula keki na kunywa maji kwenye kikombe kimoja na kila mtu anasimama kusema yaliyomo moyoni. Bila tiketi wewe si wao. Wanakusalimu barabarani kama wanavyomsalimu mtu wa bia.

Kwangu mimi ni karatasi. Kwa Keziah haikuwa karatasi. Hakuwa na mume wala mtoto, na ndugu zake wa damu walimkimbia alipojiunga na Chama. Alikuwa na watu mia mbili waliomwita dada, basi. Siku ile, kwa mara ya kwanza, nilimwona akiharibu herufi ya kibao cha jeneza, ikabidi aisugue aanze upya.

"Rudisha nakala yako, Bi Keziah," nikamwambia. "Moja tu. Mia na zaidi zitabaki."

"Na wao nao wataambiwa hivyohivyo, kila mmoja na yake moja."

"Utabaki peke yako."

"Najua." Akafuta pua kwa mkono wa gauni. "Naogopa, Cuthbert, kama ulitaka kujua. Sirudishi."

Alikwenda Sandgate nyumba kwa nyumba, nami nikamfuata kwa kuwa barabara zile zina utelezi. Nilidhani anakwenda kuwatia moyo. Kumbe anakwenda kuwaomba warudishe.

"Mama Heslop, wewe una wajukuu ndani ya Chama. Mrudishie Crake picha yake."

"Ebo! Umeumwa?"

"Ugomvi huu ni wangu na Crake."

"Wako? Damu ile nani aliifuta? Si mimi, kwa aproni yangu hii? Si hii, ile ilikwisha oza, lakini mimi! Nilimshika kichwa namna hii. Leo Obadiah aje aniambie sikuona nilichokiona?" Akamsukuma kwa kiwiko. "Rudisha wewe yako kama unataka."

"Mimi sirudishi."

"Basi nyamaza, ukae, ule samaki."

Jumapili ya karamu ilifika, asubuhi ya baridi na ukungu wa makaa. Nilikwenda kusimama karibu na mlango wa kanisa jipya, maana sikutaka atoke pale peke yake. Mlinzi wa mlango alikuwa Ned Purvis, mchimba makaa mstaafu aliyepoteza vidole vitatu shimoni.

"We Cuthbert, umepotea? Baa iko kule chini."

"Baa haijafunguliwa."

Wakubwa waliingia kwanza, kila mmoja akionyesha kikaratasi chake. Kisha ukaja umati kutoka Sandgate. Ann Heslop mbele, nyuma yake wachimba makaa na wake zao, wapiga makasia na makoti yao ya buluu, na kila mmoja ameshika karatasi kubwa, nyingine zimechanika pembe kwa kubanduliwa ukutani. Keziah alikuwa katikati yao, rangi imemtoka. Yake alikuwa ameikunja mara mbili kifuani.

"Tiketi," Ned akasema, kwa sababu ndiyo kazi yake.

"Sina," akasema Ann Heslop, akainua picha.

Ned akaitazama. Akatazama nyuma, akatazama ule umati wote. Akaingiza mkono wenye vidole viwili ndani ya koti lake akatoa picha iliyokunjwa. "Hata mimi sijapewa," akasema. "Sijui nani aliniambia nilinde mlango." Akasogea pembeni, na watu wakaingia. Mimi nikaingia nao. Hakuna aliyenizuia.

Ndani, Crake alikuwa mimbarini. Mabenchi ya mbele yalikuwa na watu arobaini wenye makoti mazuri. Ya nyuma yalijaa mpaka watu wakasimama.

"Wasio na tiketi watoke," akasema Crake.

Hakuna aliyetoka.

"Basi mnanilazimisha." Akafungua orodha. Ndiyo desturi yao: mtu akitolewa kwenye Chama, jina lake linasomwa mbele ya wote, likishasomwa limekwisha. Majina yamepangwa kwa herufi. "Jane Armstrong."

Mwanamke mmoja mwembamba akasimama, akainua picha juu kwa mikono miwili. Hakuketi.

"Thomas Bewley."

Akasimama.

"Margaret Charlton. William Charlton. Isaac Dodd."

Wakasimama, na kila aliyesimama alibaki amesimama, na kila mara kulikuwa na jicho jingine lililolala likimtazama Crake juu ya vichwa vya watu wa mbele. Wale wa mbele walianza kugeuka. Wakili mmoja mzee, aliyekuwa na nakala ya mwanzo nyumbani, aliitazama ile ya jirani yake wa nyuma akafunika mdomo kwa mkono. Miaka thelathini na saba nyuma alikuwa kijana, na gati halikuwa mbali na nyumba ya baba yake. Nilimwona akisimama pia, mikono mitupu, bila kuitwa.

"Ann Heslop."

"Nipo tangu zamani!"

Sauti ya Crake ilianza kukauka. Alisoma Hobson, akasoma Kell, akasoma Lisle, taratibu zaidi kila jina. Alipofika kwa Purvis, mlinzi wa mlango wake mwenyewe, alisimama kidogo, akanywa maji, akasoma. Ned akainua picha. Akasoma Reay. Akasoma Stobbs. Nilihesabu herufi, nikajua kinachofuata, na kila mtu mle ndani alijua.

Crake akatazama karatasi. Akaukunja ukurasa nusu, akaukunjua tena. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye kola, siku ya baridi kama ile.

Keziah alisimama kabla ya kuitwa. Alikunjua picha yake, mikunjo miwili imepita usoni pa Marrick kama msalaba, akaishika mbele ya kifua chake.

"Endelea, Ndugu Crake," akasema. "Hujanifikia mimi."

Tulimsubiri. Crake alitazama ile T, jina la Keziah na la baba yake, akaitazama, na hakusoma.